Shimo la Mtukufu Rais Kipupwe

Nchi ya Baridia haimo kwenye ramani, na wananchi wake husema kosa ni la ramani. Ni nchi ya joto. Jua lake huamka kabla ya watumishi wa serikali na kufanya kazi mpaka baada ya wao kuondoka, ndiyo maana ofisini wanaliona lina kiherehere. Lakini ukiingia katika ofisi yoyote ya umma, meno yatagongana, kwa sababu huko baridi ndiyo cheo. Karani hupewa ubaridi wa kumfanya akunje mikono. Mkurugenzi huvaa sweta. Waziri huvaa koti la sufu na skafu. Naye Mtukufu Rais Kipupwe alikuwa akipokea wageni akiwa na glavu mikononi. Mgeni akitoka Ikulu bila mafua, watu walimpa pole kwa kutopokewa vizuri.

Aliyeileta baridi hiyo ni shemeji yake Rais, Bwana Hatibu Zege, mtu mwenye moyo mkubwa wa kupokea. Mataifa mengine yalipokubaliana kuachana na gesi za zamani za majokofu na viyoyozi, Bwana Hatibu alizifuata huko huko zilikotupwa, akazipakia melini, akaja nazo nyumbani. "Wenzetu wametukumbuka," alitangaza redioni, sauti ikimtetemeka. Na majokofu yaliyotupwa pamoja nazo akayaleta vilevile. Yalivuja. Yakivuja, mafundi wa kampuni yake ya Neema Baridi waliyajaza upya. Yakijazwa, yalivuja tena. Na kwa njia hiyo kazi haikukatika. Sioni ubaya wowote hapo. Mimi nasimulia tu.

Mambo yalianza kwenye hafla ya Ikulu. Balozi wa nchi ya mbali alimwinamia Rais akamwuliza, kwa adabu zote za kibalozi, gesi ya Baridia ikivuja huwa inakwenda wapi. Mtukufu akatabasamu. Alitabasamu mpaka balozi akaaga, mpaka sahani zikaondolewa mezani. Ndipo akamgeukia Waziri wa Mambo ya Ndani, Mheshimiwa Pazi Mshindo, mtu wa mabega mapana na fikra za kunyooka.

"Inakwenda wapi?"

"Nitaikamata, Mtukufu."

"Sikusema uikamate. Nimeuliza inakwenda wapi."

"Nikiikamata itasema yenyewe."

Ikabidi atafutwe anayejua. Mtu mmoja akakumbuka kwamba serikali ilikuwa na Idara ya Anga. Idara hiyo ilikuwa imewekwa chini ya ardhi, katika jengo la Wizara ya Uvuvi, mahali ambapo anga haionekani kabisa, ili wataalamu wasibabaishwe na mambo ya nje. Mkuu wake alikuwa Dakta Nyamvula Chengo, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, aliyesomea kemia ya hewa mpaka vitabu vikamwishia. Kwa miaka mingi alikuwa ameomba kuonana na waziri, waziri yeyote. Sasa aliitwa kuwaona wote kwa mpigo.

Baraza la Mawaziri lilikuwa limekaa kwa utaratibu wa makoti. Bwana Hatibu, ambaye si waziri lakini ana kiti, alikaa karibu na kiyoyozi.

"Gesi hii ni pole sana," Nyamvula alianza. "Haiwaki, hainuki, haigombani na kitu chochote."

"Kama mimi mwenyewe," akasema Bwana Hatibu.

"Na upole huo ndio unaoifikisha mbali. Mvua haiioshi, udongo hauishiki. Upepo unaichanganya na hewa na kuipandisha polepole, miaka na miaka, hadi kwenye tabaka la ozoni. Kule jua halijachujwa bado, miale yake ni mikali. Ikiipiga gesi, klorini iliyokuwa imefungwa ndani yake inakatika na kuwa huru. Hapo ndipo balaa linapoanza."

Aliwatazama. Mawaziri walikuwa wakitikisa vichwa kwa namna ya watu wanaosubiri chai.

"Inukeni," akasema. "Tutaicheza."

Aliwapanga watatu watatu, wakashikana mikono. Kila watatu, akawaambia, ni ozoni moja: oksijeni tatu zilizoshikana. Ndizo zinazotukinga na miale. Sasa alihitaji mtu wa kuwa klorini.

"Klorini anafanya kazi gani?" akauliza Waziri wa Fedha kwa tahadhari.

"Anapita kwenye kila kundi, anampora mmoja. Baadaye anamwachia mahali pengine, naye anabaki vilevile alivyokuwa, hajachakaa wala hajapungua, anarudi kupora tena. Klorini mmoja anaweza kuharibu maelfu kwa maelfu kabla hajatulia."

Chumba kilinyamaza kwa heshima. Kisha mikono yote ikainuka.

Kazi ikapewa Mheshimiwa Mshindo, kwa uzoefu. Alimpora Waziri wa Elimu kutoka kundi la kwanza, na waliobaki wakasimama wawili, wameduwaa. "Hao ni oksijeni ya kawaida," Nyamvula akaeleza. "Wanafaa kuvutwa kwa pumzi, lakini miale hiyo mikali hawaizuii." Kisha Naibu Waziri wa Michezo, aliyekuwa akizurura peke yake bila kundi, alimshika Waziri wa Elimu mkono wakaondoka wawili, na Mheshimiwa Mshindo akawa huru. Akarukia kundi la pili. Akarukia la tatu. Skafu zilianguka. Waziri wa Ardhi alipiga kelele kwamba ana mgongo mbovu. Kufumba na kufumbua hapakuwa na watatu tena popote.

"Ngao imekwisha," akasema Nyamvula. "Miale inashuka jinsi ilivyo. Inaunguza ngozi, inaharibu macho, inadhoofisha mimea. Mheshimiwa Mshindo, unaweza kuacha sasa. Waliobaki wawili wawili, klorini hawagusi."

"Nimeshapata moto," akajibu Mheshimiwa, akiendelea.

Mtukufu Rais alikuwa ametulia muda wote. Sasa aliuliza, "Na shimo hilo liko hapa kwetu?"

"Ozoni imepungua kidogo kila mahali, Mtukufu. Lakini shimo lenyewe liko kusini kabisa mwa dunia, juu ya nchi ya barafu. Wakati wa giza refu la kule kunakuwa na baridi ya kutisha na mawingu ya namna yake, na mawingu hayo huiandaa klorini. Jua likirudi tu, kazi inaanza."

"Na gesi yetu imefika huko?"

"Imefika. Yetu na ya wengine."

Rais akavua glavu. Wale waliomjua walishtuka, maana hakuwa amezivua hata siku ya msiba wa mama yake.

"Timu yetu ya mpira haijawahi kuvuka mpaka," akasema polepole. "Korosho zetu hurudishwa. Na gesi yetu imefika mwisho wa dunia bila hata pasipoti?"

"Kwa bahati mbaya, Mtukufu."

"Ikatoboa mbingu!"

"Ozoni, Mtukufu."

"Nchi gani nyingine ina shimo?"

Nyamvula alifungua kinywa kujibu, lakini makofi yalikuwa yameshaanza.

Hivyo ndivyo Baridia ilivyopata Siku ya Shimo. Bendera ya taifa ilitobolewa katikati, kwa mkasi wa dhahabu. Shuleni watoto walifundishwa kulichora Shimo, na aliyerudisha karatasi tupu alipata alama zote. Waziri wa Utalii aliahidi safari za kwenda kulitazama, mradi msafiri ajitegemee kwa nguo. Naye Nyamvula alipandishwa cheo kuwa Mhifadhi Mkuu wa Shimo. Alikwenda kwa Mheshimiwa Mshindo kukataa.

"Daktari," Mheshimiwa akamwambia kwa upole, "kukataa cheo ni kosa. Bado sijajua ni kosa gani. Nipe mpaka kesho."

Akakipokea.

Mpaka hapo mtu angeweza kucheka tu. Lakini wizara inayohusika na uzalendo ilifikiri zaidi. Ikaamua kwamba mtu anayevaa kofia Siku ya Shimo anaonyesha kutoliamini Shimo, na ikapiga marufuku kofia, miavuli na mitandio mipana, tangu asubuhi hadi paredi iishe.

Nyamvula alikuwa na mdogo wake, Mbodze, aliyeishi naye nyumba moja. Mbodze ana ualbino. Alikuwa akishona kofia za ukingo mpana sokoni, kofia nzuri ambazo hata wasiozihitaji walizinunua kwa urembo, na mwenyewe hakutoka nje bila kofia, kama vile wewe hutoki bila nguo. Siku ile askari walibeba kofia zake zote, pamoja na ile iliyokuwa kichwani mwake, wakampanga na wafanyabiashara wenzake kandokando ya barabara kupungia magari. Magari yalichelewa.

Nyamvula alimkuta amekaa kitandani, shingo na masikio yamevimba, wekundu wake unatisha.

"Da' Nyamvula," Mbodze akasema, "si wewe Mhifadhi wa Shimo?"

"Ndiye mimi."

"Basi hifadhi na hii shingo."

Nyamvula alianza kumpaka dawa. Alikuwa ameeleza kila kitu kwa usahihi, hakuongopa hata nukta, na haya ndiyo yaliyotoka.

"Hukuwaambia kwamba ni aibu?" Mbodze akauliza.

"Niliwaambia. Hawa ukiwapa aibu wanaipigia ngoma."

"Basi waache waipige mbele za watu. Humu ndani tunaisikia sisi tu." Akajikunyata. "Pole pole hapo, panauma."

Nyamvula aliacha kupaka, akabaki ameshika chupa ya dawa. Kesho yake alikwenda Ikulu mwenyewe, bila kuitwa, akapendekeza kwamba Mtukufu aende kwenye mkutano wa mataifa kuhusu anga, akalidai Shimo rasmi. Rais alifurahi hata akamshika bega. Akamwambia amwandikie na hotuba.

Mkutano ulifanyika katika mji wenye baridi yake ya asili, na ujumbe wa Baridia ulihuzunika kuona baridi nyingi kiasi hicho ikigawiwa kwa kila mtu bila kujali cheo. Mtukufu alipanda jukwaani. Hotuba ilikuwa fupi na kila neno lilikuwa mahali pake.

"Shimo lililo juu ya barafu ni la Baridia!" alisoma, kifua mbele. "Ni letu lote. Hatutaruhusu taifa lolote, kubwa wala dogo, kudai hata ukingo wake!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mataifa makubwa, hasa yale yaliyotoa gesi nyingi kuliko wote na kabla ya wote, yalisimama yakapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Wajumbe wa mataifa hayo walikumbatiana hadharani. Mtukufu alifuta machozi.

Makofi yalipotulia, mwenyekiti wa mkutano, bibi mmoja mwenye mvi na miwani ya kamba, akashika kipaza sauti.

"Tunamshukuru sana Mtukufu. Miaka yote hii tumekuwa tukibishana shimo ni la nani, na kila mmoja anamsukumia mwenzake. Leo mwenyewe amejitokeza. Wenye malalamiko wapange mstari."

Mstari ukapangwa. Wa mbele alikuwa mwalimu kutoka nchi ya kusini, mwanamke mrefu aliyeungua pua. "Watoto wangu hawatoki kucheza mchana bila kofia," akasema, akimtazama Rais usoni. "Nilikuwa nikitafuta wa kumwuliza. Kwa nini mlifanya hivyo?"

Mtukufu akatabasamu. Lakini tabasamu lililomwondoa balozi halikumwondoa mwalimu. Alibaki amesimama pale pale, anangoja jibu, na nyuma yake mstari ulikuwa umeshatoka nje ya mlango.

Rais akamwinamia Nyamvula. "Waambie si letu!"

"Tumeshasema ni letu lote, Mtukufu, na ukingo wake."

"Nitoe hapa, Daktari. Nakuomba."

Nilihakikishiwa na waliokuwepo kwamba neno hilo, nakuomba, lilitoka kwa shida, kama mtu anayetoa jino.

"Njia ni moja," Nyamvula akanong'ona. "Asiyetoa gesi hawezi kuwa mwenye shimo. Tamka hapa hapa kwamba Baridia haitatoa tena hata pumzi moja ya gesi hii, na kwamba iliyopo itakusanywa na kuteketezwa."

"Na shemeji yangu?"

"Mwulize mwalimu kama atamkubali badala ya jibu."

Mtukufu alimtazama mwalimu. Akapanda tena jukwaani, akatamka. Safari hii makofi yalikuwa machache, hasa kutoka kwa mataifa makubwa, ambayo yalikaa yakitazama viatu. Lakini mwalimu alimpa Rais mkono, na Nyamvula, akiwa kitini kwake, alijikuta analia.

Bwana Hatibu aliisikia hotuba ya pili redioni. Ndege ilipotua, Nyamvula na Mheshimiwa Mshindo walikwenda moja kwa moja kwenye ghala la Neema Baridi kuzuia mali isitoke. Lango la chuma lilikuwa limefungwa kwa ndani. Nyamvula akaweka sikio. Alisikia mvumo mwembamba, kama nyoka wengi wanaosema kwa pamoja.

"Bwana Hatibu! Unafanya nini?"

"Nafungua mitungi!" sauti ikajibu. "Kama si yangu, haitakuwa ya mtu!"

"Funga hizo koki utoke nje! Utakufa!"

"Gesi hii ni pole, ulisema mwenyewe!"

Baada ya hapo hakujibu tena.

"Mheshimiwa, vunja mlango," Nyamvula akasema.

"Mtu kujifungia na mali yake ni haki yake ya kikatiba," akasema Mheshimiwa Mshindo, ambaye haki hiyo ndiyo kwanza aikumbuke.

"Nisikilize. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Inajaa kuanzia sakafuni na kuisukuma hewa nje. Haina harufu, hatajua kinachompata. Atalala tu, asiamke."

Mheshimiwa alikuwa na sababu nyingi za kusubiri amri. Hatibu alikuwa shemeji wa Rais, na Rais alikuwa ametoka kumkana mbele ya dunia, kwa hiyo Hatibu akifa, Mheshimiwa asingeulizwa. Aliitazama simu yake. Aliutazama mlango. Kisha, bila kumpigia mtu yeyote, akarudi nyuma na kuupiga kwa bega, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka bawaba zikang'oka.

Nyamvula alivuta pumzi akaibana, akaingia. Bwana Hatibu alikuwa chini katikati ya mitungi, uso umekuwa wa rangi ya majivu. Pande zote koki zilikuwa wazi, gesi inatoka. Kwa yule mwanamke kila koki ilikuwa ni miaka na miaka ya klorini huko juu, inapora na kuporomosha, na pumzi aliyokuwa nayo ilitosha jambo moja. Akamshika Hatibu miguu. Mheshimiwa akamshika mabega. Wakamburuta hadi kwenye upepo, wakamlaza, na Nyamvula akarudi ndani kufunga koki, akitoka nje kuvuta hewa na kuingia tena, na Mheshimiwa akifanya vivyo hivyo upande wa pili, machozi yakimtoka kwa hofu.

Walipomaliza, mitungi mingi ilikuwa imeokoka. Mingine ilikuwa mitupu. Nyamvula alikaa kizingitini akatazama juu, ambako hapakuwa na cha kuona.

Bwana Hatibu alikohoa, akafumbua macho. "Nani kavunja mlango wangu?"

"Mimi," akasema Mheshimiwa Mshindo, kwa sauti ya mtu anayejitambulisha.

Hatibu alimgeukia Nyamvula. "Ulinitoa mimi kwanza? Kabla ya mitungi?"

"Ndiyo."

"Mtu wa sayansi angeanza na mitungi."

"Najua," akasema Nyamvula. "Ninajuta kidogo."

Hatibu akacheka, kicheko kikamgeukia kuwa kikohozi, na alipotulia alimshika mkono wala hakuuachia mpaka gari la wagonjwa likaja.

Iliyobaki ni taratibu. Mheshimiwa Mshindo aliiweka mitungi yote katika gereza kuu, kila mmoja na askari wake, kwa kuwa sheria haikuwa na mahali pengine pa kuweka kitu kilichotiwa hatiani. Viyoyozi na majokofu ya nchi nzima yalinyonywa gesi na mafundi wale wale wa Neema Baridi, na kazi, kama ilivyokuwa tangu mwanzo, haikukatika. Gesi yote ikapelekwa kwenye tanuri la saruji, ikaunguzwa kwa moto mkali. Siku ya Shimo ikafutwa. Mbodze alirudishiwa kofia zake, isipokuwa zile ambazo wake wa askari walikuwa wameshazipenda, akafungua kibanda kipya mkabala na jengo la Baraza la Mawaziri, penye kivuli kizuri.

Viyoyozi vilipozimwa, Baraza lilishindwa kukaa. Ilibidi yafunguliwe madirisha, ambayo hakuna aliyekuwa na habari kama yanafunguka. Kikao cha kwanza cha namna hiyo, Waziri wa Fedha alisimama akasoma kwamba bei za vyakula zimeshuka na wananchi wanashiba hadi kusaza.

"Wapi huko?" sauti ikauliza kutoka nje.

Waziri akaacha kusoma. Nje ya madirisha walikuwa wamesimama watu wa sokoni, wengine na vikapu kichwani, wengine na kofia za Mbodze, wakisikiliza kwa makini. Mbodze mwenyewe alikuwa mbele.

"Tunauliza tu, Mheshimiwa," akasema. "Tuhamie huko."

Kikao kiliendelea kwa shida. Kila jambo lilipata jibu. Waziri wa Ujenzi alitaja barabara, akaulizwa nani amewahi kuipita. Mheshimiwa Mshindo aliombwa na wenzake awafukuze watu wale. Alisimama, akawatazama wote dirishani, akakaa.

Mtukufu Rais alijifuta jasho. "Daktari," akasema kwa sauti ya chini, "nasikia kuna gesi mpya, haina klorini kabisa, inapoza vizuri tu. Itafika lini, tufunge haya madirisha?"

Gesi hiyo ilikuwa imefika bandarini zamani, na hospitali zilishapewa yake. Nyamvula alijua, maana ndiye aliyeipokea.

"Bado inachunguzwa, Mtukufu," akasema.

"Ichunguze taratibu, Daktari!" watu wakajibu dirishani. "Sisi hatuna haraka."